Maelekezo kwa Mgeni wa 407

Karibu. Jina lako hapa, pasipoti hapa.
Penye "unakotoka" usiandike nchi tu,
andika na mji. Usiku ni mrefu, mimi husoma.

Lipa siku mbili, usilipe wiki.
Chumba hujulikana asubuhi.
Dai risiti hata nikikuambia mashine ni mbovu:
ni mbovu kweli, lakini kalamu ninayo.

Ukipewa cha mbele, kataa.
Kina dirisha pana na baa chini yake,
na baa za Ngara haziijui Jumatatu.
Omba cha nyuma, ghorofa ya nne,
kinachotazama matangi ya maji na kamba za shuka.

Lifti hufika ya tatu.
Zilizobaki ni ngazi kumi na nane.
Ukiwa umetoka Lamu, pumzika kwenye ya kumi;
mji huu uko juu, pumzi tunauziwa rejareja.
Ukiwa umetoka Dessie utanicheka,
kama alivyonicheka Bi Zenebech
aliyepanda na sanduku mgongoni
akashuka mbio kufuata la pili.

Maji ya moto ni saa kumi na moja hadi saa moja unusu.
Fungua bomba la buluu, uhesabu hadi arobaini.
Ndiyo, la buluu. Fundi alichanganya, sisi tukazoea.
Swichi ya bafu usiiguse kwa mkono wenye maji,
hata kama una haraka, hata kama unajua umeme.

Mwezi wa saba baridi ya hapa haibishi hodi.
Blanketi la pili liko juu ya kabati.
La tatu ni langu. Niombe tu.

Kiamshakinywa kimo ndani ya bei. Yai ni moja.
Ukimwita Mwikali kwa jina lake, ni mawili.

Usikaange kahawa chumbani.
Amri hiyo utaikuta nyuma ya mlango,
kwa mwandiko wangu, chini ya zile zilizopigwa chapa.
Ni usiku wake wa nne hapa: jiko dogo la spiriti,
buni mbichi alizozibeba ndani ya soksi,
na kengele ya moto ikaamka.
Wageni thelathini na mmoja wakashuka na mashuka.
Nikapanda na ndoo ya mchanga.
Alifungua, akaitazama ndoo, akanitazama mimi,
akanipa kikombe kisicho na mpini.
Nilikunywa nimesimama, ndoo mkononi.

Saa za ukutani nyuma yangu usiziamini.
Ya London inakimbia, ya Dubai ilishakufa.
Aliniuliza ubalozi hufungua lini.
Nikamjibu kwa Kiingereza cha kaunta: nane.
Akaenda saa nane, jua limeshapinda,
dirisha limefungwa, askari anakula.
Kesho yake nikarudia ile ile nane, kwa sauti kubwa zaidi,
naye akarudi vile vile, viatu mkononi.
Kumbe kwao siku huzaliwa na jua kama kwetu,
saa mbili ni saa mbili, haina haja ya mkalimani.
Siku mbili tulipotezana kwa lugha ya mtu wa tatu.
Nilimwonyesha vidole viwili, nikamwonyesha mashariki.
Akajipiga paji la uso. Tukacheka hadi Mwikali akaja.

Alikaa siku kumi na moja.
Kama karatasi ya kwenda kwa bintiye aliipata, sijui;
aliondoka zamu ya mchana, na zamu ya mchana haiulizi.

Basi. Kutoka ni saa nne, saa nne ya jua.
Ufunguo umefungwa kipande cha mbao usije ukasafiri nao.
Na kikombe utakachokiona kwenye tundu la 407
si cha hoteli, usikiombe.
Usipokiona, ujue nakinywea.