Kilo Arobaini na Sita

Walinipima kwa mzani wa dagaa,
soko la Kirumba, saa moja asubuhi,
nimening'inia ndoanoni,
Lushinge na daftari, Mafwele akisoma mshale:
arobaini na sita, pamoja na viatu.
Vua viatu, akasema.
Hivyo ndivyo nilivyopata unahodha.
Si kwa kuyajua maji. Kuogelea kwenyewe
nilijifunza Aprili, Luchelele,
kwa kuyanywa kwanza.

Miezi saba tulikuwa maadui wa uzito.
Tulitoboa benchi, tukalitoboa tena,
tukakata vichwa vya skrubu,
tukagombana juu ya rangi, gramu mia nane kwa mkono mmoja,
mpaka boti ikabaki na rangi yake ya faiba,
ya ugali uliolala.
Mota ilikuwa ya pikipiki ya umeme
iliyokufa kiti kikiwa bado na nailoni.
Rafadha Mafwele aliichonga mara tano;
ya nne, samaki ndio wanaojua ilipo.
Paneli sita. Betri moja,
mwalimu Bugingo aliisainia
kama anayemdhamini mahabusu.

Siku ya mashindano, boti tisa.
Wenzetu wa Nyegezi wana jezi.
Sisi tuna fulana za msiba wa babu yake Lushinge,
tumezigeuza ndani nje.

Filimbi.
Watu ufukweni wakangoja mngurumo,
hawakuupata,
wakacheka, halafu wakanyamaza.
Nikasikia vitu ambavyo mwenye injini hasikii:
maji chini ya faiba,
mnandi akikung'uta mabawa juu ya jiwe,
tumbo langu.

Baada ya boya la pili, wingu,
kutoka upande wa Ukerewe, jeusi chini kama sufuria.
Sindano ya mita ikalala.
Hesabu ya Lushinge nilikuwa nimeibandika gotini:
*wingu likija, ampea kumi na moja, usizidishe,
hata wakikupita, hata wakikutukana.*
Wakanipita. Wanne.
Mmoja akanipungia mkono.
Kumi na moja.
Kuna hasira inayokaa kwenye kidole gumba,
na kidole gumba kilikuwa juu ya kitufe.
Kumi na moja.
Kisha magugu maji yakajisokota kwenye shafti,
nikainama, mkono hadi begani,
nikayanyofoa kama nywele kwenye kitana.
Kumi na moja.

Nikawakuta mmoja mmoja, betri tupu,
wamekaa juu ya maji
kama wageni waliowahi kabla ya chakula.
Wa kwanza. Wa pili. Yule wa kupunga.
Wa nne sikumpata.
Betri yangu ilikata roho
ukibaki urefu wa uwanja wa netiboli;
boti ikaserereka kwa mazoea tu,
ikagusa kamba.
Nafasi ya pili.

Walinibeba. Ni rahisi kunibeba.
Mwalimu akafuta miwani isiyo na vumbi.
Ndipo akaja mama mmoja na beseni la dagaa,
akalitua, akaizunguka boti mara mbili,
akaipiga ubavuni kwa kiganja
kama anayechagua tikiti.
"Haili mafuta?"
Haili, mama.
"Hata ya shilingi?"
Hata ya shilingi.
Akatazama kule visiwani anakonunua,
midomo ikihesabu kimyakimya.
"Inabeba magunia mangapi?"

Mafwele akanitazama mimi.
Lushinge akalitazama daftari,
kurasa zote zile za kupunguza.
Nikasema: inanibeba mimi.

Akacheka, si kwa ubaya,
akajitwika beseni lake, akaenda.

Usiku, kibandani Mkuyuni, Lushinge akafungua ukurasa mweupe,
akachora boti nene, yenye tumbo la ng'ombe mwenye mimba.
"Paneli ngapi?" akauliza.
Ngoja kwanza, nikamwambia. Andika magunia.
Nilikuwa kwenye sahani ya pili ya chipsi mayai
na hakuna aliyenikataza.