Kilomita Sifuri

Sindano ya geji ya mafuta kwenye Pijo hii
ililala sifuri tangu mwaka ule wa ukame.
Jaza tangi hadi shingoni, imelala.
Bakiza vikombe viwili, imelala.
Mjomba Elbio aligonga kioo kwa ukucha
kama anayebisha hodi nyumba isiyo na mtu,
kisha akachomoa ufito wa mkaratusi wenye alama za kisu,
akapima tangi, akaandika.
“Geji husema,” alipenda kuniambia, “daftari huapa.”

Mimi mpwa wake, mrithi wa gari na madeni ya gari,
nimeinua buti hapa Durazno, Julai, baridi ya kukata masikio,
kibuyu cha majani machungu juu ya paa, mrija wa chuma mdomoni,
kondoo wa jirani wakinikodolea macho.

Nilianza na waya wa ati.
Nikaukwangua kwa msasa mpaka shaba ikacheka.
Sindano ikaruka hadi robo,
ikaona haya, ikarudi kulala.
Basi kosa halikuwa njiani. Lilikuwa kisimani.

Skrubu sita: nne zilikubali, mbili zilidai matusi.
Nikautoa mkono mrefu wenye boya mwishoni,
boya la shaba, dogo kama yai la kwale.
Nikalitikisa sikioni.
Chwa, chwa.
Limelewa!
Karani aliyewekwa kupima pishi
ameila pishi, akazama nayo,
na huko chini miaka tisa akaandika:
hakuna, hakuna, hakuna.

Petroli haitaniwi kwa moto.
Nikalitumbukiza kwenye maji ya moto, mbali na gari,
likatoa uzi wa mapovu,
tundu likajitaja lenyewe.
Nikalimwaga, nikalianika siku mbili dirishani kabla ya kuligusa kwa lehemu,
na katika kungoja huko nikalisoma daftari.

Kumi kwa lita, aliapa mbele ya watu wa kituo cha mafuta,
kumi, hata upepo ukitoka kusini.
Kwangu ni saba.
Nilishalaumu choki iliyokwama nusu,
plagi nyeusi kama sakafu ya chungu,
breki ya nyuma isiyoachia gurudumu,
mguu wangu mwenyewe.
Nikajumlisha kurasa zake za kati, zenye madoa.
Nane.
Ah, mjomba! Mwongo wa mchana.
Nikajumlisha tena, maana hakuwa mtu wa kukosea hesabu,
ndipo nikaziona Alhamisi.

Alhamisi. Dakika 60. Km 0. Lita 1.
Alhamisi. Dakika 60. Km 0. Lita 1. Mawingu.
Alhamisi. Dakika 75. Km 0. Lita 1 na robo. Umande umeganda.

Miezi kumi na minne, kalamu ileile ya bluu.
Halafu ukurasa mtupu.
Halafu Pijo inakwenda sokoni kama kawaida.

Najua iliposimama: ukingoni mwa mto Yi, pua ikitazama daraja.
Nelida, mkaza mjomba wangu, mwenye mapafu yaliyochakaa,
hakuweza tena kushuka hadi majini,
na hita ya gari hili haipulizi injini ikizimwa.
Basi ikanguruma bila safari,
yeye akihesabu bata,
mjomba akihesabu lita.
Kila Alhamisi ameitenga kwa mstari mwembamba,
kama watu wanavyotenga zaka,
asiichanganye na wastani.
Nikaziondoa.
Kumi kamili.

Jana nimelirudisha boya. Nikawasha swichi.
Sindano ikapanda polepole, ikapita sifuri,
ikasimama robo na kutulia.
Nilishainua ukucha niigonge. Hakukuwa na sababu.

Choki na breki, Jumamosi.
Kesho ninakwenda Paso de los Toros,
ufito umo butini, na dumu la lita tano kando yake,
maana aliyelala miaka tisa
haaminiwi kwa asubuhi moja.