Kaya ya Arobaini na Moja

Duka la Ogutu la saruji na mabati, hapa Kibuye,
lina risiti zenye mgongo mweupe.
Mbele: misumari kilo mbili, gundi, bawaba.
Nyuma: mwandiko wangu mdogo,
neno moja la Kiingereza kwa kila risiti,
pamoja na sentensi nilimolikuta.

Si neno peke yake. Hilo nililijua kwa kuumia.
Mwaka wa kwanza nilikariri kamusi, herufi A,
maneno mia mbili na kumi,
nikayapanga katika insha kama matofali
yasiyo na udongo wa kuyashika.
Daktari Mukabane akaandika pembeni, wino wa kijani:
Nani anaongea hapa?

Sasa ni makala moja kwa wiki.
Shilingi tano ukurasa, pale kwa Achola wa kuchapisha.
Orodha ya marejeo naiacha, ingenila chakula cha mchana.
Nasoma saa nne usiku, hesabu za duka zikishafungwa.

Neno likinipita mara ya kwanza, nalisalimu tu.
Silihoji kwao ni wapi.
Mara ya pili, katika makala ya malaria ya Ugenya,
nalitambua kwa mwendo,
kama umjuavyo mtu kwa mgongo wake
kwenye foleni ya hospitali ya Russia.
Mgeni siku mbili. Ya tatu nalikabidhi jembe:
aya yangu, shamba langu, lima tuone.
Mengine ni mavivu.
Mengine yananing'olea mahindi na kuacha magugu.

Nimejifunza pia haya za wasomi.
Hawasemi mto ulifurika.
Wanasema yaonekana, huenda, kwa kiasi fulani,
data zinaelekea kuashiria.
Nilimtafsiria mama kwa simu, akanikatiza:
"Huenda gani, na sufuria zilikuwa zikielea?"

Makala yenyewe ilihusu Nyando.
Kurasa kumi na nane, shilingi tisini.
Jedwali la tatu: kaya sitini za Kano, bila majina.
Kaya ya 41. Mjane. Watoto watano. Ng'ombe mmoja.
Mafuriko manne, kuhama mara nne, kurudi mara nne.
Kutoka mlangoni hadi mtoni, hatua mia tatu na sita.

Hatua hizo nilizihesabu mimi.
Nilikuwa darasa la saba, na msichana wa buti za mpira
alikuwa akiandika, akaniomba nimsaidie.
Mama alimpa uji.
Uji haumo kwenye jedwali.

Na chini ya jedwali, lile neno. Silabi nne.
Nilikuwa nimekutana nalo mara mbili:
kwenye makala ya waya unaopindwa ukajinyoosha,
na kwenye makala ya nyasi zilizochomwa Nandi.
Mara hii ya tatu nililikuta kwetu,
limekalia kigoda cha mama,
nami sikuwa na jembe la kulikabidhi.

"Linasemaje?"
Linasema, nikamwambia, kitu ukikikunja
kinarudi kilivyokuwa.
Kimya. Nikasikia kuku nyuma yake,
na mtu akichota maji.
"Mimi sikurudi nilivyokuwa. Waandike hivyo."

Basi nimeandika.
Neno lao kwanza, kwa heshima zote,
halafu hata hivyo, halafu mkato,
halafu mama, kwa Kiingereza changu chote,
bila huenda hata moja.
Daktari Mukabane ana karatasi tangu Jumanne.
Wino wa kijani sijauona bado.

Kule nyumbani ng'ombe amezaa.
Mama alitaka neno nilirudie polepole, mara tatu,
na ndama sasa anaitwa Risilienti.
Akiitwa, haji.