Kazi Mpya

Miaka thelathini na moja nilikesha Kipevu,
kwenye mtambo wa mafuta, nikisikiliza.
Hiyo ndiyo iliyokuwa kazi: kusikiliza.
Injini ya tatu ikikohoa, nilijua kabla ya geji.
Ya tano ikinuna, nilijua ni vali,
kama mzazi ajuavyo kilio cha njaa
na kilio cha deko.

Mwanasiti, Mungu amrehemu, alifua ovaroli zangu
katika beseni lake pekee, kwenye kamba yake pekee,
mbali na leso zake.
"Stima ni ya mji mzima," alikuwa akisema,
"masizi ni ya nani?"
Nilikuwa nikicheka.

Kisha Mejumaa wetu akaja Mtongwe na ngazi,
vijana wawili, vioo sita vyeusi,
akatoboa bati nililonunua kwa mafao yangu.
"Baba, shika ngazi."
Mimi, niliyeushika mji huu usiku kwa mikono miwili,
nikashika ngazi.

Redio dirishani ilikuwa inaipongeza nchi:
mvuke wa Bonde la Ufa, upepo wa Turkana,
maji ya Tana, na sasa jua,
tumepiga hatua, ndugu msikilizaji,
leo umeme safi umefika asilimia tisini na —
Stima ikakatika.
Mejumaa akacheka juu ya bati hadi bisibisi ikamponyoka,
ikanikosa kichwa kwa shibiri moja.

Usiku wa kwanza sikulala.
Taa zinawaka na hakuna kinachonguruma.
Nani amewahi kuona kitu kikifanya kazi bila kulalamika?
Saa nane niliamka, nikabandika sikio
kwenye kile kisanduku cha ukutani.
Kilivuma kidogo tu,
kama mtu anayejisomea uradi.
Nikarudi kitandani na haya zangu,
mgeni aliyekuta vyombo vyote vimeshaoshwa.

Wiki ya tatu friji ikaanza kuzubaa.
Na ndani ya friji mna barafu za ukwaju za jirani, Dama,
ambaye mita yake hulia tii, tii, tii kila tarehe ishirini,
na watoto wake hujifanya hawaisikii.
Mejumaa yuko Kilifi kazini, simu haishiki.
Nikapanda mwenyewe, goti likinitukana.

Kumbe ni kunguru.
Wamefanya baraza juu ya vioo,
wamepaka chokaa yao, na juu ya chokaa
chumvi ya bahari, na juu ya chumvi vumbi la malori.
Jua la watu linapiga hodi wiki nzima
na mlango umezibwa na mavi.

Kitambaa nilichokuwa nacho ni mkono wa ovaroli kuukuu,
Mwanasiti aliukata mwenyewe uwe tambara.
Umefuliwa mara ngapi, na bado unanuka Kipevu.
Nikautia maji. Nikapangusa.
Kioo cha kwanza, cha pili.
Kwenye cha tatu nikaliona wingu, na uso wangu,
na sikuwa nimenyoa.

Ng'ambo ya maji mabomba ya mtambo yamesimama.
Moja linatoa moshi, mwembamba,
maana saa kumi na mbili inakaribia,
mji unaanza kuwasha wote kwa pamoja,
na jua halimngoji mtu.
Nikautazama moshi ule unavyokatikakatika.
Ni ya tano. Bado inanuna.
Vali ile ile. Niliwaambia.

Nikabaki nimesimama, tambara mkononi,
sijui kama nalikung'uta au naaga.
"Babu!" mtoto wa Dama anaita kutoka chini.
"Babu, friji imeanza kunguruma!"

Nyamaza kwanza, nikamwambia.
Acha nisikie.