Kidole cha Kondakta

Mjomba Ezell alijifunza kuzamia akiwa na miaka sitini na saba,
katika bwawa la shule, Georgetown, Karolina ya Kusini,
akigombana na mkanda wa vipande vya risasi kiunoni.
Daktari alinung'unika. Mama hakunung'unika:
alifunga mlango wa jikoni taratibu,
na hilo lilikuwa baya zaidi.

Mwalimu wake mimi. Malipo yangu, matikiti maji mawili.
Nikamwambia: kule chini, mjomba, dole gumba likielekea juu
si "safi", ni "tupande".
Na usizuie pumzi. Litokee litakalotokea, usizuie pumzi.
Akacheka. "Nimevuta hewa ya mahandaki ya New York
miaka thelathini na mmoja. Mtungi utanifanya nini?"

Treni alizozihudumia zilizeeka kabla yake.
Waling'oa viti, nyaya, magurudumu, milango,
wakayaosha mabehewa kama aoshwavyo maiti,
wakayapanga juu ya tishali, wakayaleta kusini
njia ileile aliyorudia yeye na pensheni yake,
wakayasukuma majini, moja, jingine, jingine,
yawe mwamba, kwa kuwa mchanga wa huku hauna mwamba.
"Hata kufa," alisema, "yamefuata ratiba."

Agosti. Bahari vuguvugu kama chai iliyosahauliwa.
Tukajitupa kinyumenyume kutoka mashua ya Kapteni Ladson.
Mita tano. Kumi. Masikio yanaziba, yanazibuka.
Kamba ya nanga ameishika juu ya kichwa
kama abiria anayeshuka kituo kijacho.
Kisha ukijani ukafunguka,
na hapo chini, mstari uliovunjika vunjika:
stesheni isiyo na mji juu yake.

Sitapamba. Behewa la kwanza paa limekwisha bomoka,
la pili limelala ubavu kama ng'ombe mgonjwa.
Lakini kuta zimeota. Sifongo za rangi ya machungwa,
chaza juu ya mgongo wa chaza, matumbawe laini yakipunga
pale palipokuwa na tangazo la wakili wa ajali.
Changu wekundu wamesongamana mlangoni,
ndani kweupe, na hakuna anayetaka kusogea.
Chewa mmoja, mzito, amekalia kona nzima
na nani atamwambia abanebane?

Mjomba akaogelea moja kwa moja hadi behewa la katikati,
kwenye kijumba chenye dirisha dogo.
Akaingiza mabega. Kwa sheria zangu, hapana.
Nikamwacha.
Akatoa kichwa dirishani. Kushoto. Kulia.
Halafu akanyoosha mkono,
kidole kimoja, na kidole kikaganda.

Papa, nikajua. Nikageuka na tochi, moyo kooni.
Hapakuwa na papa.
Palikuwa na samaki mpana kama sinia,
milia myeusi, milia myeupe,
ametulia mbele ya dirisha, hana haraka na mtu.
Kidole kikakaa sekunde mbili. Kikashuka.
Kisha viputo vikamtoka kwa mpigo, vingi mno,
hadi geji yake ikaugusa wekundu,
nami nikamwonyesha dole gumba.

Mashuani alitema chumvi, hakunitazama.
"Kila stesheni ina ubao wa milia, katikati ya jukwaa.
Kondakta auone, aunyooshee kidole, ndipo afungue milango.
Ni kuthibitisha treni imefika yote,
asije mtu akatoka, akakanyaga giza."
Akajifuta uso kwa taulo, akakaa nao humo muda.
"Vijana walinicheka kwa kidole hiki. Watalii walinipiga picha.
Leo wala sikufikiri. Mkono ulikwenda wenyewe."

Kapteni Ladson akawasha injini. Hakuna aliyeongeza neno.

Jioni Mama akauliza, bila kugeuka kutoka jikoni,
basi umeona nini huko ulikotaka kufia.
"Samaki," akasema.
Alikwisha vua kiatu kimoja, cha pili hajakigusa.
"Kule hakuna milango, Vernell.
Wanashuka popote."