Mate

Miezi minne nimemtemea mwanamke huyu
na hajanuna.
Kwa adabu, lakini: kijiti, pamba,
ncha ya ulimi, kisha kona ya shingo yake,
viringisha, usisugue,
viringisha, usisugue,
hadi pamba igeuke rangi ya chai,
niitupe koponi, nisokote nyingine.

Watu huumezea mate uzuri.
Sisi wa chini ya ngazi huutemea.

Siku ya kwanza Bi Cossutta alinipokea
na koti jeupe la mtu mrefu kuliko mimi.
Chupa zote hizi zina bei, alisema,
na hakuna inayoshinda kinywa cha binadamu.
Usinywe kahawa kabla ya saa sita.
Kumkataza mtu kahawa huku Trieste
ni kumkataza jogoo alfajiri.

Hatuna dirisha. Upepo wa bora tunaujua
kwa bomba la hewa linalopiga mluzi
na kwa nywele za Jernej anaposhuka.
Jernej, mwanagenzi mwenzangu, kazi yake karatasi:
daftari za mafundi, risiti, orodha za forodha.
Anamtafutia bibi huyu jina.
Wiki ya tisa alishuka mbio, uso unameremeta,
nikaweka kijiti chini.
Nimepata! Amepata fremu.
Florini kumi na mbili, pamoja na misumari,
jina la seremala, jina la mchukuzi aliyeibeba.
Misumari imehesabiwa.
Yeye: “picha ya mke,” basi. Mke wa nani,
wino umenyamaza.
Tulicheka mpaka machozi,
kisha tukaacha, sijui nani alitangulia.

Kwa siku nasafisha kipande cha ukubwa wa stempu.
Moshi wa tumbaku, masizi ya mishumaa,
vanishi iliyozeeka kama asali iliyosahauliwa kabatini,
na hapa, chini ya sikio,
alama ya kidole cha mtu aliyewahi kumgusa.
Kidole kidogo. Mtoto, labda.
Nilisita siku nzima. Hii nayo ni uchafu?
Bi Cossutta alivua miwani, akaivaa tena,
akasema: Piga picha. Andika. Kisha amua.
Niliamua. Sitasema nini.

Mwezi Mei akapandishwa juu, kwenye taa.
Kadi ukutani: Msanii hajulikani.
Mwanamke hajulikani.
Zawadi ya familia fulani, hiyo inajulikana,
kwa herufi nene.
Mgeni mwenye glasi ya divai akamwambia mkewe:
Tazama, kama haijawahi kuguswa na mtu.
Jernej akanikanyaga mguu kwa furaha.

Mama alikuja kutoka Monfalcone,
moja kwa moja toka zamu ya jikoni,
vitunguu bado vimo katika skafu yake.
Akauliza kwa sauti isiyo ya makumbusho:
Sasa wewe ulifanya wapi?
Hapa, nikasema. Na hapa. Chini ya sikio.
Akasogea mpaka mlinzi akakohoa.
Akatazama kwa muda mrefu kuliko wageni wote.
Mimi sioni kitu, akasema.
Kisha akanigeukia, akakunja uso,
akalowesha kidole gumba ulimini,
akanisugua shavu.