Sabasaba Mara Mbili

Saa nne usiku, Uyole, nyuma ya duka la pembejeo,
kati ya viroba vya mbolea na feni isiyo na kazi mwezi wa Julai,
seva imeanguka.
Haikuaga. Skrini ilikohoa mistari mitatu, ikanyamaza.

Naiwasha. Inanijibu:
mlango 7777 unatumika.
Na nani? Mwenye nyumba si amekufa sasa hivi,
maiti yake nimeiona, cheti nimekisoma,
kumbukumbu ilimjaa, saa 3:52?
Naiwasha tena. Unatumika.
Tena.
Unatumika.
Sabasaba mara mbili, na wala si sikukuu.

Simu inaita. Asajile wa Iyunga, darasa la sita,
ambaye saa hizi angekuwa amelala:
"Dada Tumpe, tumefungiwa nje."
Nyuma yake mama mtu anauliza, unaongea na nani wewe?

Ipyana kajikunyata ndani ya koti la babu yake,
mikono kwapani. "Ua," anasema.
"Piga tisa, halafu namba yake. Hivi vitu haviombwi ruhusa."
Kweli, ndivyo tulivyofundishwa chuoni:
ua, washa, kalale.

Kidole changu kiko juu ya tisa.
Nauliza kwanza, kwa ubishi tu: nani kashika kitasa?

Namba 4182. Si yule marehemu.
Ni mwanawe, kazaliwa dakika moja kabla ya msiba,
akarithi mlango jinsi mtoto anavyorithi deni la duka,
hata hakuulizwa.
Anafanya nini humo gizani?
Natazama faili. Linanenepa.
Kidogo. Linasita. Kidogo tena.
Anaandika.

Anaupakia ulimwengu wote wa wale watoto
kwenye diski kuukuu niliyoinunua Mwanjelwa kwa kubembeleza bei,
tofali moja, tofali moja:
zizi la Asajile,
daraja ambalo tangu Pasaka halijafika ng'ambo,
shamba la viazi mtu kalima juu ya paa, sijui kwa nini,
mnara wenye jina la mwalimu wa hesabu, limekosewa.

Nikaondoa kidole.

Tukangoja. Nje sakitu ilikuwa ikishuka juu ya viazi vya kweli.
Ipyana akachemsha chai, ikapoa kabla hatujaifikia.
Tukaiomba TANESCO, kimoyomoyo, isitukumbuke,
kwa usiku huu tu.
Akaacha kusema ua. Akaanza kuuliza: imefika ngapi?

Saa tano na robo, 4182 akamaliza, akaondoka mwenyewe.
Hata hivyo nikaacha dakika moja ipite,
barua zilizochelewa njiani zije, zibishe hodi,
zijue kwamba hapa hapana mtu.

Kisha nikawasha. 7777. Kimya,
halafu mstari mmoja wa kijani.

Asajile akaingia wa kwanza. Shukrani hakutoa.
Alizunguka zizi lake, akahesabu, akahesabu tena,
akaandika kwa herufi kubwa:
KUKU WANGU MMOJA YUKO WAPI